Wale watu elfu sitini na tisa wanampungia nani? Jibu kwa dada wa Coralville

Dada mmoja kaniandikia wiki iliopita, mtu wa Uvira, kakaa Nyarugusu miaka mingi na sasa yuko Coralville, Iowa, mwaka wake wa pili huu. Swali lake nimelipunguza kidogo ila maneno ni yake:

"Kaka, mimi natumika usafi hospitali ya watoto hapa Iowa City. Jumamosi moja nilikuwa floo ya juu kabisa upande wa uwanja, nikaona watu wote kule chini, maelfu kwa maelfu, wamegeuka wanatupungia mikono, mpaka wachezaji. Watoto wagonjwa nao wako dirishani wanapunga. Mimi nikabaki nimeshika mopu, sijui nifanye nini, niliogopa hata. Hii ni dini, ni siasa, au ni nini? Na hii timu ni ya wanafunzi tu kweli? Mbona mji mzima unafungwa, pakingi hakuna? Bwana yangu aliwaangalia kwenye tivi akasema hawajui hata kufunga, kila saa wanapiga mpira mbali alafu watu wanashangilia."

Dada yangu, kwanza nikutoe hofu, sio dini, sio siasa, na mopu yako haikumkwaza mtu. Huko kwenye kupunga nitafika, ila ngoja nianzie nyuma kidogo manake nikikueleza kupunga peke yake utasema aah ni jambo zuri, basi, hutajua kwa nini limezaliwa hapa na sio kwingine. Mi mwenyewe natokea Tanga, nimeingia Iowa mwaka 2003, na miaka kumi na kitu sasa nafundisha difensi, yani ulinzi, kwenye high school moja huku mashariki ya jimbo, kwa hiyo hivi vitu nimevila na kuvilalia.

Anza na hili: Iowa haina timu yoyote kubwa ya kulipwa. Hakuna ya futiboli (nikisema futiboli humu ndani nina maana ule mpira wao wa umbo la yai), hakuna ya basketi, hakuna ya besiboli. Jimbo zima lina watu kama milioni 3.2, yani Dar es Salaam peke yake inawazidi, alafu lina nguruwe zaidi ya milioni 20, ndugu zangu Waislamu mnisamehe ila nguruwe atarudi tena kwenye hii stori na huyo wa pili ni wa maana. Mtu akitaka timu ya kulipwa aende Chicago, saa tatu na nusu kwa gari. Sasa watu wasio na timu ya mji wanafanyaje? Wanachukua chuo chao wanakifanya timu ya jimbo. Na chuo chenyewe kimezaliwa na jimbo karibu siku moja, Iowa imekuwa jimbo Desemba 28, 1846, chuo kimeanzishwa Februari 25, 1847, hata miezi miwili haijaisha, watu bado wanaishi kwenye nyumba za magogo wao wanafungua yunivasiti. Ile nyumba yenye kuba la dhahabu pale katikati ya Iowa City ndo ilikuwa bunge lao la zamani, makao makuu yalipohamia Des Moines wakaiacha kwa chuo. Kwa hiyo mtu wa Iowa akisema "sisi" kuhusu Hawkeyes (ndo jina la timu ya chuo) wala hajasoma pale, huyo hadanganyi. Anaongelea kitu cha kwao.

Uwanja wa Kinnick unaingiza watu 69,250. Iowa City yenyewe ina wakazi kama 75,000. Piga hesabu, siku ya mechi ni kama mji umeletewa mji mwingine juu yake, na wote wanapita Melrose Avenue, barabara yako hiyohiyo ya kwenda kazini. Ndo maana pakingi hakuna. Watu wa nyumba za pale wanauza nafasi kwenye majani ya uwani kwao, magari yamepangwa mpaka kwenye maua, na kuanzia alfajiri watu wamefungua mabuti ya magari wanachoma nyama, wanakunywa bia, mwingine anatembea na paja zima la bata mzinga kama rungu. Mtu katoka Sioux City, ng'ambo kabisa ya jimbo, saa nne na zaidi barabarani, kaamka usiku wa manane kuja kukaa kwenye kiti ambacho unakuta babake alikikalia kabla yake. Wewe ukipangiwa shifti ya jumamosi ya mechi ongea na bosi wako mapema juu ya usafiri, usijaribu bahati.

Wanafunzi tu? Ndio ni wanafunzi, wanaenda darasani, lakini usiwaonee huruma sana. Zamani walikuwa wanapewa skolashipu na chakula basi, hata kuuza saini ilikuwa kosa, huku mamilioni ya tivi na tiketi yakienda kwa makocha na majengo. Mwaka 2021 wakaruhusiwa kulipwa kwa matangazo na majina yao, na tangu 2025 chuo chenyewe kinaruhusiwa kuwagawia wanamichezo wake pesa moja kwa moja, kwa mwaka huo wa kwanza mpaka dola milioni 20.5 kwa michezo yote pamoja, na futiboli ndo inachota zaidi. Kocha mkuu, Kirk Ferentz, yupo tangu 1999 na analipwa kama dola milioni 7 kwa mwaka, hakuna mfanyakazi wa serikali ya jimbo anayemfikia, gavana mwenyewe ni kama mshahara wa chai mbele yake. Mi hilo huwa linanikera kidogo, sikufichi, mwalimu wa shule ya msingi pale Coralville ananunua penseli za darasa kwa hela yake. Ila ndo hivo, watu wameamua jumamosi yao ina bei.

Sasa twende kwa shemeji yangu na tivi yake. Shemeji yuko sahihi asilimia mia, hawafungi! Ila kaangalia kwa macho ya mpira wetu. Kwenye futiboli timu inapewa majaribio manne ya kusogeza mpira yadi 10, ikifaulu inapewa mengine manne. Majaribio matatu yakigoma, la nne timu nyingi zinaupiga mpira mbali kwa teke ili adui aanzie karibu na goli lake mwenyewe, safari yake iwe ndefu. Wengine wanaona kupiga mbali ni kushindwa. Iowa wanaona ni silaha. Mwambie shemeji hivi: Iowa wanapaki basi, ila hilo basi lenyewe linatembea linakugonga. Wanakusukumia kwenye kona yako, difensi yao inakubana mpaka unakosea, alafu wanachukua pointi chache wanalala nazo.

Mifano ipo ya kuchekesha. Septemba 2022 walicheza na South Dakota State wakashinda 7 kwa 3, ukisikia 7 unadhani wamefunga tachidauni moja (kuufikisha mpira mwisho wa uwanja wa adui, pointi 6) na nyongeza yake, hapana bwana, walipiga teke moja la pointi 3 na difensi ikamkamata adui ndani ya goli lake mara mbili, pointi 2 na 2. Yani ofensi, wale wa kushambulia, haikufika mwisho wa uwanja siku nzima na mechi wameshinda. Mwaka 2004 waliifunga Penn State 6 kwa 4, ukimwonyesha mtu matokeo hayo anauliza hii ni besiboli? Alafu 2023 ndo ilikuwa komedi kamili. Kocha wa ofensi alikuwa Brian Ferentz, mtoto wa kocha mkuu, watu wamemchoka, wakamwekea kipengele kwenye mkataba kwamba timu lazima ifikishe wastani wa pointi 25 kwa mechi. Nchi nzima ikawa inahesabu. Waliishia pointi 15 na kidogo, kijana akaondoka, na bado timu ilishinda mechi 10! Shujaa wa mwaka huo unajua nani? Panta, yani yule wa kuupiga mpira mbali, Tory Taylor, kijana wa Melbourne, Australia, msimu ule alipiga jumla ya yadi 4,479, rekodi ya futiboli ya vyuo iliyokuwa imekaa tangu 1938. Watu wakavaa tisheti zimeandikwa kupiga mbali ndo kushinda. Panta! Ni sawa na uende Kwa Mkapa ukute uwanja mzima umevaa jezi ya mtu wa kurusha mipira.

(Haki itendeke, walipokutana na wakubwa kweli msimu huohuo walilia: Michigan 26 kwa 0 kwenye fainali ya Big Ten, ligi yao ya vyuo, alafu Tennessee 35 kwa 0. Basi likipata pancha linapata pancha.)

Kwa nini watu wanapenda mpira wa namna hiyo, hapo ndo utaalamu wangu wote ulipo, na mi naamini ni kwa sababu ya wale vijana wanatoka wapi. Vyuo vya Texas na Florida na California vinachagua, mlangoni kwao kuna watoto wanakimbia kama swala. Iowa haina hao wengi. Iowa ina mtoto wa shamba mrefu, mzito, mkimya, anayeamka saa 11 alfajiri kulisha mifugo, wakubwa wamemwangalia wakasema huyu bado. Wao wanamchukua, wanamlisha miaka mitatu, wanamfundisha kazi moja mpaka anaifanya usingizini. Dallas Clark aliingia bila skolashipu, anatoka kimji kidogo kinaitwa Livermore, na alikuwa anapata vijisenti kwa kukata majani ya uwanja huohuo wa Kinnick, kaishia kuwa bingwa wa Super Bowl, fainali ya ligi ya kulipwa, na timu ya Colts. Tristan Wirfs, lile jitu, anatoka Mount Vernon, hapo juu tu kabla ya kufika Cedar Rapids, sasa ni kati ya wakubwa wa ligi ya kulipwa, kwenye wale wa ofensi wanaomkinga mrushaji mpira. Mtu wa Iowa akimwona Wirfs anamsukuma mtu mita kumi anaona binamu yake. Ukija kwenye mazoezi yangu ya high school ukawauliza wazazi nini kizuri kwenye mchezo hawakwambii kufunga, wanakwambia kijana wangu alishika nafasi yake.

Na kuna huyu babu wa hao wote, ambaye mtu mweusi ukihamia hapa unatakiwa umjue jina: Duke Slater. Alikulia Clinton, kule kwenye mto Mississippi, baba yake mchungaji hataki kabisa mtoto acheze. Enzi hizo high school mchezaji anajinunulia viatu na helmeti mwenyewe, hela ya nyumbani ikatosha kimoja tu, Duke akachagua viatu. Akazoea kichwa wazi. Kwenye chuo alicheza 1918 mpaka 1921, na kuna picha maarufu ya mwaka huo wa mwisho, yeye hana helmeti, kichwa wazi kabisa, anawafungulia njia wenzake mbele ya ukuta wa watu wa Notre Dame, Iowa wakashinda 10 kwa 7 na ile Notre Dame ilikuwa haijafungwa mechi 20. Akacheza ligi ya kulipwa huku anasoma sheria hapohapo Iowa, kamaliza, akawa hakimu Chicago. Kwenye Pro Football Hall of Fame, jumba la heshima la magwiji wa ligi ya kulipwa, kaingizwa 2020, kafa zamani. 2021 ndo chuo kikaupa uwanja wenyewe, yale majani, jina lake: Duke Slater Field. Miaka mia moja kamili baada ya picha ile. Wamechelewa ee, ila ukitazama chini kutoka floo yako, hapo wanapokanyaga pana jina la mtu mweusi.

Jengo lenyewe lina jina la Nile Kinnick, kijana wa Adel, kimji cha karibu na Des Moines, babu yake alikuwa gavana. Mwaka 1938 timu ilishinda mechi moja tu. 1939 wakaleta kocha Eddie Anderson, na huyu utampenda, alikuwa daktari kweli wa kutibu, asubuhi yuko hospitali ya chuo mchana yuko uwanjani na filimbi. Wachezaji wachache mpaka walikuwa wanacheza ofensi na difensi bila kutoka, wakaitwa watu wa chuma, wakaifunga Notre Dame 7 kwa 6, pointi zote saba za Kinnick, tachidauni yake na teke lake. Akapewa Heisman, tuzo ya mchezaji bora wa vyuo vyote, na kwenye hotuba yake akamshukuru Mungu kwamba yeye vita vyake vimekuwa vya viwanja vya huku Midwest na sio vya Ulaya. Desemba 1939 hiyo. Vita vikamfuata. Akaingia jeshi la maji kuwa rubani, na Juni 2, 1943 ndege yake ilianza kuvuja oili akiwa mazoezini karibu na Venezuela, akaishusha baharini, mwili haukupatikana. Miaka 24. Uwanja ulijengwa 1929 ila jina lake uliwekewa 1972.

Na ukienda Ames kwa mahasimu wao Iowa State, uwanja wa kule nao ni wa marehemu, Jack Trice, mchezaji mweusi wa kwanza wa chuo kile, aliumizwa kwenye mechi na Minnesota 1923 akafa siku mbili baadae. Jimbo moja dogo, viwanja viwili vikubwa, vyote majina ya vijana waliokufa. Huwa nalifikiria hilo nikiwa naendesha usiku.

Nguruwe sasa. 1934 Minnesota walikuja Iowa City, na Iowa ilikuwa na mkimbiaji hatari mweusi, Ozzie Simmons, enzi ambazo vyuo vingi hata kumweka mweusi kwenye timu hawaweki. Walimpiga. Sio kumkaba, kumpiga, akatolewa nje ameumia. Mwaka uliofuata Minnesota wanarudi tena, na gavana wa Iowa, Clyde Herring, akasema hadharani kwamba wakirudia ule mchezo watu wa hapa hawatavumilia. Moto ukawaka magazetini. Gavana wa Minnesota, Floyd Olson, mjanja, akatuma telegramu ya utani: tuwekeane nguruwe, mwenye kushindwa amlete. Hasira ikageuka kicheko, mechi ikachezwa kwa amani, Iowa wakafungwa 13 kwa 6, na Herring akampeleka nguruwe mzima mzima mpaka ndani ya ofisi ya Olson yenye zulia. Wakamwita Floyd wa Rosedale, na mpaka leo wanagombea sanamu yake ya shaba kila mwaka, mijitu ya kilo 140 inakimbia kumbeba nguruwe inalia kwa furaha. Mi naipenda hii stori na pia nina neno nayo, manake nguruwe kabaki na Simmons kasahaulika. Waulize watu kumi pale Melrose huyo nguruwe alianzaje, wengi watakwambia utani wa magavana tu.

Nakwambia hivi usije ukadhani naleta matangazo ya chuo. 2020 wachezaji weusi wa zamani wengi walitoka wazi wakasema ndani ya timu ya Ferentz walikuwa wanadharauliwa, namna wanavyoongea, namna wanavyosuka nywele, kocha wa mazoezi ya nguvu akaondoka mwaka huohuo, na 2023 kesi ya wachezaji 12 ikaisha kwa makubaliano ya dola milioni 4.175, nusu karibu ikitoka hela ya umma, watu walikasirika sana. Vijana wa sasa wanasema mambo yamebadilika. Mimi nina vijana wangu wawili weusi high school wanatamani kwenda pale na sikuwakataza, ila niliwapa hiyo stori yote kabla hawajatembelea.

Aliyeitengeneza timu hii ikawa unavyoiona ni Hayden Fry, mtu wa Texas, alikuja 1979 wakati Iowa haijamaliza msimu kwa ushindi mwingi kuliko vipigo tangu 1961. Kabla ya hapo akiwa Dallas ndo alimpa skolashipu Jerry LeVias, mchezaji mweusi wa kwanza kupewa kwenye ligi nzima ya kule, akala matusi na vitisho. Hapa akabadilisha jezi zikafanana na za Pittsburgh Steelers, aliwaomba kabisa, akasema tukishindwa kucheza kama washindi angalau tuvae kama wao. Fry alisomea saikolojia, akasoma mahali kwamba rangi ya pinki inalegeza watu, akapaka chumba cha wageni chote pinki, ukuta, makabati, siku hizi mpaka vyoo. Kocha wa Michigan alikuwa anakuja na karatasi za kubandika ukutani vijana wake wasiione! Msimu wa tatu tu, 1981, wako Rose Bowl, mechi kubwa ya heshima ya mwisho wa msimu.

Ila nililotaka kukwambia juu ya Fry ni 1985. Miaka hiyo shamba la Iowa lilikuwa linakufa, watu walikopa ardhi ikiwa juu, riba ikapanda, bei ya ardhi ikashuka zaidi ya nusu ndani ya miaka mitano, benki zinafunga, trekta la baba linapigwa mnada uani majirani wanaangalia chini. Watu walijiua. Na mwaka huo timu ya Fry ilikuwa namba moja Marekani nzima, kamera zote ziko kwake. Akabandika kwenye kila helmeti kistika cha duara chenye herufi tatu, ANF, America Needs Farmers, yani Marekani inawahitaji wakulima. Hakutoa hotuba ndefu. Ukiangalia helmeti zao leo kipo bado, kidogo, cha dhahabu, na wazee wa miaka 70 ukiwauliza kistika kile wanakohoa kwanza kabla ya kujibu.

Sasa tumefika dirishani kwako.

Hilo jengo lenu jipya la watoto limefunguliwa mwanzoni mwa 2017, refu, limesimama ng'ambo ya uwanja kabisa, floo ya 12 ina sehemu ya wazazi na watoto wamewekewa makusudi waone mechi bure. Kabla ya msimu kuanza mama mmoja mpenzi wa timu, mtu wa kawaida tu wa mji mdogo, akaandika Facebook: robo ya kwanza ikiisha kwa nini tusigeuke wote tukawapungia wale watoto? Basi, ni hivo tu. Hakuna kampuni, hakuna kamati. Septemba 2, 2017, mechi ya kwanza na Wyoming, kengele ya robo ya kwanza ikalia na uwanja mzima ukageuka mgongo kwa mchezo, mikono juu. Tangu hapo kila mechi ya nyumbani. Wageni wanapunga, makocha wao, marefa wenye filimbi mdomoni. Mi nilikuwepo moja ya zile za mwanzo, nimekaa na jirani yangu wa kiti, mzee wa mahindi toka Keokuk ambaye misimu sita hajawahi kuniambia zaidi ya habari na kwaheri, alivua kofia akapunga nayo, machozi yanatiririka, alafu akaivaa, akasema "haya" na akaanza kulalamika tena kuhusu ofensi.

Umeona sasa kwa nini hapa. Hawa ni watu wasiojua kusema. Hawakumbatii ovyo, hawasifii, mechi wanaipenda iliyobanana ya 7 kwa 3, ukifiwa hawaji kulia na wewe kama sisi, wanakuletea bakuli la viazi na jibini wanaliacha mlangoni. Mkono mmoja juu ni hotuba ndefu kwao. Na wengi wao pale chini wana mtoto, mjukuu, au wa jirani aliyewahi kulala kwenye hospitali hiyo, manake jimbo lote la mashamba ugonjwa mkubwa wa mtoto unaletwa Iowa City.

Kwa hiyo maelekezo. Mechi zinaanza saa 5 asubuhi, au saa 8 na nusu mchana, au jioni, angalia ratiba. Robo ya kwanza saa yao inasema dakika 15 ila kwa kweli inakula 40 mpaka 50, kwa hiyo ya saa 5 ujue saa 6 kasoro wanageuka. Wakigeuka simama nyuma ya watoto usiwazibe dirisha, mopu hamishia mkono wa kushoto, wa kulia inua, punga taratibu sana manake ukipunga haraka toka juu huko haionekani. Huhitaji ruhusa ya mtu. Wanawapungia watoto, na wazazi wao, na manesi, na wewe pia uliyesafisha hilo dirisha, wao hawawezi kujua nani ni nani kwa umbali ule na wala hawataki kujua. Na mtu akikupita koridoni akisema "Go Hawks" usicheke tu, mjibu hivohivo "Go Hawks", ni kama hodi na karibu, tofauti ni kwamba wote wawili mnasema neno lile lile. Shemeji msalimie, mwambie novemba nikipata tiketi mbili nitamwita, aje na koti zito.